Hariri ya Ganda

Baba alipofariki, nduguze walingoja matanga yaishe, kisha wakamweleza mama kwamba nyumba ile ina wenyewe. Angeweza kubaki kama angekubali kurithiwa na shemeji yake mkubwa. Mama alikataa. Siku ya pili yake tulifunga vyombo tukarudi kwao Ganda, yeye na karai la sufuria kichwani, mimi nyuma yake na godoro. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa nimeitwa popote. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, kabla ya ule mwaka wa njaa tuliokula unga wa manjano wa msaada.

Shamba la kwao lilikuwa limeangukia mikononi mwa mjomba, ndugu yake mdogo na wa pekee. Alikuwa mtu mwembamba, mchache wa maneno, mkulima wa pamba. Alitupokea vizuri kwa namna yake. Hakuuliza maswali. Alituonyesha kipande cha chini, kupita mikorosho, mahali penye mawe, akakata fito yeye mwenyewe na kutusimamishia nyumba ya udongo. Paa likaezekwa makuti, na tulipoingia ndani alimwambia mama maneno ambayo nilikuja kuyakumbuka sana baadaye.

"Dada, lima utakacho. Mahindi, kunde, mihogo. Miti usipande."

Mama alielewa, hata mimi nilielewa. Kwetu mahindi huvunwa yakaisha, lakini mti wa kudumu ni madai. Mwenye mti ana neno juu ya ardhi, na watoto wake wana neno, hata baada ya miaka mingi. Kesi nyingi za mashamba upande wetu zilianza kwa mnazi mmoja.

Tulilima mahindi. Mvua ilikuja kidogo, ikaondoka. Ndipo bwana shamba alipofika kanisani.

Alikuwa kijana kutoka bara, na Kiswahili chake kilitufanya tujifiche nyuma ya leso tukicheka. Aliomba kusema na akina mama baada ya ibada. Alileta mafungu ya vijiti vilivyofungwa kwa gunia lililoloweshwa maji, akasema ni miche ya mforosadi, na kwamba majani yake hulishwa wadudu wanaotoa hariri. Wanawake waliguna. Hariri tuliijua kwa macho: zile nyuzi zinazong'aa shingoni mwa kanzu za sikukuu, na vile vitambaa vya madukani Malindi ambavyo mtu huvigusa kwa upande wa kidole akaondoka. Kwamba imetoka kinywani mwa funza hakuna aliyewahi kufikiri.

Mama alimuuliza kama ni kitu kimoja na uzi wa buibui. Nyanya yetu alikuwa akibandika utando wa buibui juu ya kidonda kibichi ili damu isimame, na mama alifanya hivyo hivyo nilipojikata mguu kwa jembe. Bwana shamba alifurahi kuulizwa. Alisema ndiyo, ni ndugu, na uzi wa buibui pengine una nguvu zaidi. Lakini buibui hawafugiki. Ukiwaweka wengi pamoja, wanakulana mpaka abaki mmoja. Kiwavi wa hariri, alisema, ni mnyenyekevu. Ukimweka penye majani hapo hapo atakaa, wala hana habari na jirani yake.

Mama alichukua fungu la miche. Asubuhi nilimkuta akichimba mashimo pembezoni mwa kipande chetu, kwa mstari, mpakani na pamba ya mjomba.

Mjomba alikuja jioni akasimama juu ya mashimo. Mama alimweleza habari ya majani na wadudu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba alimwambia asipande miti. Mama akajibu kwamba hiyo si minazi, ni vichaka vya kukatwa majani, na siku akitaka ataing'oa. Mjomba akatikisa kichwa akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuja tena kula kwetu, na mama akaacha kumpelekea mchuzi. Tukikutana naye njiani nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akapita.

Miforosadi haikuhitaji kubembelezwa. Ilishika hata kwenye mawe yetu, na baada ya mwaka ilikuwa imenipita kimo. Wakati huo wenzake mama kanisani walikuwa wameshakata tamaa mmoja mmoja. Huyu mbuzi wake walikula miche, yule mumewe alisema hataki wadudu nyumbani. Alibaki mama peke yake, na bwana shamba naye hakumwacha. Alileta mayai ya kwanza kwa baiskeli, yamegandishwa juu ya karatasi, mfano wa mbegu za mchicha zilizomwagwa.

Tuliwafanyia wadudu nyumba yao, ndogo kando ya yetu, yenye madirisha manne ya kupitisha upepo. Ndani tulijenga chanja za fito na juu yake tukapanga nyungo. Kila mguu wa chanja tuliusimamisha katika mkebe wa maji ili siafu wasipande. Bwana shamba alitupa masharti na mama aliyashika kama amri za Mungu. Moshi usiingie. Mafuta ya nywele usipake. Mkono unawe kabla ya kugusa chochote. Jani liwe kavu, maana jani la maji huwaharisha. Na dawa ya wadudu, ya aina yoyote ile, isikaribie kabisa. Kwa sharti hili la mwisho mama alikwenda mwenyewe kwa mjomba. Niliwaona kwa mbali wamesimama baina ya mistari ya pamba, mama akionyesha kwa mkono upande wetu, mjomba akiitikia kwa kichwa. Aliporudi alisema, "Amesikia."

Viwavi walipoanguliwa walikuwa weusi, wembamba kama nywele zilizokatwa. Tuliwakatia majani machanga vipande vidogo kama tumbaku. Walikula, wakalala, wakajivua ngozi, wakaamka weupe kidogo kuliko jana, wakala tena. Mara nne walilala hivyo, vichwa juu kama watu wanaosali. Walipoamka mara ya mwisho ikawa hakuna kazi nyingine duniani isipokuwa majani. Tulichuma alfajiri, tukachuma alasiri. Walikuwa wanene kama kidole, baridi, laini, na ukisimama mlangoni uliwasikia wakila, sauti kama mvua ya rasharasha juu ya makuti. Mwaka ule mvua yenyewe haikuja, na nilimwona mama mara nyingine akisimama pale mlangoni bila kazi, akisikiliza.

Kisha wakaacha kula. Miili iligeuka ya kupenyeza nuru, rangi ya asali nyepesi, na vichwa vikaanza kutafuta hewani. Tuliwawekea matawi makavu. Walipanda, wakaanza kujizungushia uzi, kichwa kikienda huku na huku bila kupumzika, na mdudu akapotelea ndani ya kazi yake mwenyewe. Siku ya tatu matawi yalikuwa yamejaa vifukofuko vyeupe, vigumu, vya kulingana na yai la njiwa kwa udogo wake.

Hapo ndipo bwana shamba alipotueleza lile ambalo hakulisema kanisani. Mdudu akiachwa, hutoka nondo, na akitoka hutoboa kifuko, na uzi unaokuwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho hukatika vipande. Kwa hiyo lazima afe ndani. Vingine tuliacha vitoboke kwa ajili ya mbegu, na vilivyobaki tuliviweka juu ya mvuke. Harufu ilikuwa mbaya, kama samaki aliyesahauliwa juani. Mama alifunika pua kwa leso. Baadaye tukavitia katika sufuria ya maji ya moto, tukakoroga kwa kijiti mpaka ncha za nyuzi zikajitokeza, mama akazikusanya kadhaa pamoja na kuanza kuzizungusha kwenye rimu ya baiskeli. Uzi ulikuja bila kukatika, ukaja, ukaja, mpaka kifuko kikawa utando, na ndani yake mdudu mweusi aliyekauka akazama chini ya sufuria.

Vifukofuko vingi bwana shamba alivipeleka bara. Lakini ule uzi wa rimu mama aliuweka. Tuliukunja ndani ya kanga, tukaenda nao Malindi kwa mzee mmoja fundi wa kudarizi kanzu, aliyekuwa na kibaraza nyuma ya soko. Mama hakutaka kuuza. Alitaka kuambiwa. Mzee alitukaribisha, akauliza hali zetu na za nyumbani kabla ya kuuliza shida. Alichukua uzi, akausugua baina ya vidole, akakata ncha akaiwasha kwa kiberiti na kunusa moshi. Ulinuka nywele zilizoungua.

"Ni yenyewe," alisema. "Ya uongo huyeyuka kama mshumaa. Hii imetoka kwenye kitu chenye roho."

Alitueleza kwamba kwa dini yao mwanamume hafai kuvaa nguo ya hariri tupu, ila ruhusa ipo kwa upana wa vidole vichache, ndiyo maana huishia shingoni na kifuani. Akaomba abaki na uzi ule kwa kanzu moja ya harusi. Mama akampa. Njiani kurudi alitembea mbele yangu kwa haraka, na nilifikiri amekasirika, mpaka nilipomfikia nikaona anatabasamu peke yake. Nimejaribu kukumbuka mara nyingine baada ya kifo cha baba nilipomwona hivyo, sikupata.

Mimi niliondoka muda si mrefu. Nilipata kazi Watamu, kufua mashuka kwenye hoteli, nikawa narudi Ganda nikipata ruhusa. Kila nilipofika nilikuta mama amepata mayai mengine na nyungo zimeongezeka. Alikuwa amekonda. Aliniambia mjomba sasa anamwamkia, kwamba mchungaji aliwaketisha wote wawili akawataka wasameheane, na kwamba siku moja mjomba alikuja akasimama kwenye miforosadi akauliza inaendeleaje. Mama alimjibu kuwa haiendelei vizuri, majani yameingiwa na vidudu vyeupe vinavyonyonya utomvu, na wakipata majani mabaya viwavi watakuwa dhaifu. Mjomba aliinama kwenye mti. Aligeuza majani mawili matatu akatazama chini yake, akaenda.

Nilirudi tena wakati wa viwavi wa mwisho, wale wengi kuliko wote. Walikuwa wameamka kutoka usingizi wa nne, na nyumba yao yote ilikuwa inavuma. Ilikuwa Jumamosi. Wiki nzima mjomba alikuwa anapiga dawa kwenye pamba yake, bomba mgongoni, na hewa ya shamba lote ilikuwa na ule ukali wa dawa ambao baada ya muda pua huuzoea. Mchana mimi na mama tulikwenda kuzika jirani, tukarudi jua likizama, tukawalisha viwavi majani ya akiba.

Jumapili alfajiri mama alichuma kama kawaida. Aliona majani yana majimaji, akadhani ni umande. Alikaa mlangoni na kitambaa safi akayafuta jani moja baada ya jingine, kwa sababu jani la maji huwaharisha. Nakumbuka mgongo wake pale mlangoni, na uvumilivu wa mkono wake. Alipomaliza akawatandikia, tukaenda kanisani.

Tuliporudi hapakuwa na sauti. Mimi nilidhani wameanza kusuka. Mama alitangulia kuingia, nikamsikia akivuta pumzi. Viwavi walikuwa wanajipindapinda juu ya majani, vichwa vikiyumba, wakitapika maji ya kijani. Wengine walikwisha anguka sakafuni. Miili ilikuwa imejikunja ikawa mifupi, nusu ya ilivyokuwa asubuhi. Mama alianza kuyaondoa majani, akiwaokota wale waliokuwa bado wanasogea na kuwaweka kwenye ungo mtupu, kisha akachukua jani moja akalinusa. Akalinusa tena. Akatoka nje akaelekea kwenye pamba, nami nikamfuata.

Mjomba alikuwa amekaa chini ya mkorosho akinoa panga. Mama alisimama mbele yake na jani mkononi.

"Nani amepiga dawa miti yangu?"

"Ni mimi," mjomba alisema. Alisema bila kusita, kama mtu anayengoja shukrani. "Jana mlipokwenda mazikoni. Ulilalamika vidudu vyeupe. Nilibakiwa na dawa kwenye bomba, nikaona nikusaidie."

"Nilikwambia dawa inawaua."

"Ulinambia nisipige karibu na nyumba yao. Sikupiga karibu na nyumba yao." Alinitazama mimi, kisha akamtazama dada yake, na nikaona kitu kikimwingia usoni polepole. "Wamekufa?"

Mama alimnyoshea lile jani. "Wewe hukuipenda miti hii tangu siku ya kwanza," alisema.

"Kuipenda sikuipenda. Lakini sikwenda kuiua, dada. Nilikwenda kuiponya."

Mama akalidondosha jani miguuni pake, akarudi. Mjomba alinyanyuka akatufuata hadi kwenye nyumba ya viwavi, akasimama mlangoni akatazama ndani. Alitoa kofia. Sijui kwa nini nakumbuka hilo, kwamba alitoa kofia. Mama alimpita mara kadhaa akibeba nyungo kwenda kuzimwaga, na kila mara alimzunguka kama mtu anavyozunguka nguzo. Mwishowe mjomba alichukua jembe akachimba shimo. Mama alimwacha achimbe, lakini alipotaka kusaidia kufukia alimnyang'anya jembe.

Waliobaki hai hawakusuka. Wachache walitoa uzi bila mpango, ukatapakaa juu ya matawi kama mate, kisha wakakauka hapo hapo.

Bwana shamba alipokuja alisema miti ingeweza kupona, ikatwe yote na mvua iioshe, na ikichipua tena ataleta mayai mengine. Lakini yeye mwenyewe alihamishwa kabla haijachipua, na aliyekuja baada yake alishughulika na mahindi tu. Mama hakumtafuta. Nadhani hata kama angeletewa mayai yale hadi mlangoni asingeyapokea. Kila jani angelinusa. Alisema hawezi tena kukaa mahali ambapo chakula chake kiko mikononi mwa mtu mwingine, na ijapokuwa hakutaja jina, wote tulijua anamsema nani.

Alihamia Malindi, chumba kimoja nyuma ya soko, akapata kazi ya kuchambua mchele na kunde kwenye ghala la mfanyabiashara. Kutwa alikaa sakafuni na ungo magotini. Macho yalianza kumsumbua. Nilimtembelea kutoka Watamu na kumletea sukari na sabuni, naye aliniuliza habari za mashuka ya wazungu, na mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Habari za Ganda hakuuliza.

Nilikwenda mimi. Mjomba hakuing'oa miti. Aliipalilia, ikazaa forosadi, watoto wa njiani wakazila wakapaka midomo rangi. Aliponiona aliniuliza kama mama hajambo, akanipa mfuko wa matunda nimpelekee. Nilimpelekea. Aliugawa kwa majirani mbele yangu. Siku nyingine mjomba aliniambia, tukiwa tumekaa kibarazani kwake, kwamba anaweza kuapa kanisani au kwa mganga, popote mama atakapochagua, kwamba hakujua. Alitaka nimfikishie. Nilifika Malindi, nikasema. Mama aliendelea kupepeta. Kisha akasema kwamba mtu wa kweli haendi kutafuta mahali pa kuapia.

Pamba nayo ilikwisha. Malipo yalichelewa kila msimu mpaka wakulima wakachoka, na mjomba akawa wa mwisho kung'oa yake. Alikuwa ameanza kuugua. Mikono ilitetemeka asiweze kushika kikombe, na kifua kilikuwa kikipiga filimbi. Miaka yote ile alipiga dawa kifua wazi, hana hata kitambaa puani, na upepo ukigeuka alicheka tu na kujifuta uso kwa mkono. Hospitalini walimtazama, wakampa vidonge, wakamrudisha nyumbani.

Nilipomwambia mama, alimaliza gunia lililokuwa mbele yake. Kisha akajifunga leso akasema twende.

Tulimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba. Mama aliomba maji ya moto akamwosha miguu, akamkata kucha. Alipika uji mwepesi akamnywesha kwa kijiko. Alifanya hivyo siku zote tulizokaa pale, na waliongea habari za wazazi wao, za mbuzi fulani mwenye pembe moja wa utotoni mwao, na mara moja nilimsikia mjomba akicheka mpaka akakohoa. Siku moja, jua la alasiri limeingia mlangoni, alimshika mama mkono kwa ile mikono yake iliyotetemeka.

"Dada," alisema, "ile dawa—"

"Kunywa uji," mama alisema. "Unapoa."

Akanywa. Hakujaribu tena. Alifariki wiki hiyo hiyo, mama akiwa kisimani.

Tuliporudi Malindi baada ya mazishi nilimuuliza. Sikuwahi kumuuliza kabla ya hapo. Tulikuwa tumekaa kitandani kwake, bado tuna vumbi la Ganda miguuni, na nikamwambia mimi naamini mjomba hakujua, na nikataka kusikia na yeye anaamini nini.

Mama alijifuta vumbi miguuni. Nje mwenye nyumba alikuwa akiwagombeza kuku.

"Kuna asubuhi naamka namwamini," alisema. "Ikifika adhuhuri simwamini tena. Nilimwacha afe bila kumjibu kwa sababu nilikuwa nangoja imani ya asubuhi moja ifike mpaka jioni. Haikufika."

Akainuka akachukua ndoo akaenda kuteka maji, kwa kuwa mfereji ulikuwa unafungwa mapema.